Askari Niliyemtoa Mlangoni

Kemunto, binti yangu,

Nimeanza barua hii nikiwa na hasira, na naona nitaimaliza nikiwa nayo, kwa hiyo usitafute humu zile pole na baraka wanazoandika wazazi wengine. Mambo ya kula na kulala, na kofia ya kujikinga na jua la Lodwar, mama yako amekwisha kukuambia mara nne, tena mbele yangu. Sitayarudia. Ninyi wawili mmeteremka Fort Ternan kumuaga nyanya yako, nami nimebaki dukani, kwenye sayba yetu ya mtandao. Kibao cha mlangoni kinasema tumefungua, lakini atakayeingia leo atakutana na uso utakaomkumbusha kwamba ana shughuli mahali pengine.

Juzi ulipokuwa ukifunga mizigo ulinituma nikutafutie waya mfupi kwenye katoni yako. Chini ya katoni nikakuta daftari lako la jalada la buluu, na ndani yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilitoka kwenye printa yangu. Naijua kwa ule mstari mweusi wa pembeni ambao nimeahidi kuurekebisha tangu ukiwa kidato cha pili. Niliisoma mara tatu nimechuchumaa. Kisha nikairudisha, nikakuletea waya, ukasema asante Baba.

Karatasi ile inasema nilichofanya mimi. Hilo nalijua, halikuwa geni kwangu. Kilichonishtua ni kwamba nawe ulijua. Miezi saba umekaa nyumba moja na mimi, unanipakulia ugali, na unajua.

Basi ngoja niseme yote kwa mpangilio, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, pasibaki kona ya kujificha.

Ulileta ile kompyuta kuukuu kutoka kwa fundi wa redio, yenye kifuniko kilichopasuka, ukasema itakuwa mlinzi wa mtandao wetu. Nikakuuliza kwani mtandao wetu una nini hata uibiwe. Ukanionyesha. Laini yetu moja ilikuwa inahudumia duka, nyumba yetu ya nyuma, na kliniki ya Sista Chebet hapo ng'ambo ya ukuta, na wote tulikuwa kama watu wanaolala chumba kimoja. Mvulana anayelipia nusu saa kwenye kompyuta yangu ya dirishani angeweza, akitaka, kuchungulia faili za akina mama wajawazito. Ulitaka kutugawa vyumba vitatu, kila chumba na mlango wake, na mlangoni awepo mtu wa kuuliza unaingia wapi.

Nikauliza hiyo programu ya kufanya hivyo umeinunua wapi. Ukasema hukununua, ni ya bure, ni programu huria, yeyote anaweza kuisoma ndani, kuitumia na kuirekebisha. Nilicheka hadi mama yako akaja kuuliza kuna nini. Mimi mfanyabiashara wa Chepseon niambiwe habari ya kitu cha bure! Nikakuambia rahisi ghali, na cha bure ndicho ghali kuliko vyote. Nikataka kujua ni nani huyo anayejichosha kutengeneza kitu kizuri halafu akampa mtu asiyemjua. Ukasema ni watu wengi wa nchi nyingi. Ukasema mmoja wao akiona tundu kwenye programu hulitangaza hadharani, wote walione, na aliyekosea hukubali mbele ya wote, kisha wanaliziba pamoja. Hilo lilinishangaza kuliko ule ubure. Nikasema basi watu hao hawana aibu. Nakumbuka nilivyolisema, mguu mmoja juu ya mwingine, nikijiona nimenena.

Ukatia kadi tatu za mtandao, ukamkweza juu ya rafu, ukavuta kebo moja dukani, moja nyumbani, moja kwa Sista. Wewe ulimwita fayawoli. Mimi nikamwita askari, kwa dharau, na jina likashika hata Sista akawa anauliza asubuhi kama askari ameamka. Na alifanya kazi. Mwaka mzima alifanya kazi bila kudai chochote, na mimi sikukusifu hata siku moja. Wateja walipouliza ni nani aliyetuwekea, nilisema, tuliweka.

Sasa nije kwenye radi. Huko uendako watakuona mwongo ukiwasimulia, lakini wewe umezaliwa nayo. Huku kwetu saa tisa alasiri ikigonga, chai bado inang'aa na jua kule vilimani, ngurumo zinaanza upande wa msitu na kila mtu anaacha alichoshika na kuchomoa. Televisheni, friji, chaja ya simu. Mama wa saluni anachomoa draya na mteja ana nywele mbichi. Mtoto wa huku anajua kuchomoa kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Wala si ujinga, nimezika televisheni mbili mimi.

Nawe hukunikataza. Siku uliyokwenda kumuuguza nyanya yako ulisimama hapa mlangoni na begi ukaniambia, "Baba, ukichomoa askari hakuna shida, radi ni radi. Lakini ukimrudisha ngoja dakika tano. Anajikagua kwanza. Usimruke." Nikasema sawa. Ni ile sawa ninayomwambia mama yako nikiwa nasikiliza taarifa ya habari.

Jumanne moja mvua ya mawe ilishuka kama imetumwa. Nikachomoa kila kitu. Ilipokatika nikarudisha, na duka lilikuwa limejaa vijana waliokuwa wakituma fomu za chuo, kila mmoja na haraka yake. Kompyuta zikawaka, mtandao haupo. Dakika moja. Mbili. Kijana mmoja akasema kwa sauti, "Mzee, kwani hii sayba yako inatumia kuni?" Wakacheka wote. Kemunto, mimi ni mtu wa kuchekwa na watoto? Nilipanda ngazi, nikachomoa kebo ya mtandao kutoka kwa askari wako, nikaichomeka moja kwa moja kwenye kile kisanduku cha kugawa nyaya, na za nyumbani na za Sista nikazichomeka humo humo. Mtandao ukarudi kabla sijashuka. Wakanipigia makofi. Nikashuka nimevimba kichwa, nikisema moyoni, kumbe huyu askari kazi yake ni kutuchelewesha tu.

Nikamwacha hivyo. Siku hiyo, kesho yake, na wiki mbili na ushei baada ya hapo.

Kilichoingia kiliingia kwa flashi ya mteja au kwa barua pepe, mpaka leo sijui. Kilianzia kwenye kompyuta ya dirishani, kikakuta hakuna mlango wala wa kuuliza, kikatembea hadi kwa Sista. Alipowasha yake asubuhi faili zote zilikuwa zimefungwa, majina yamegeuka herufi ovyo, na kwenye kioo kuna ujumbe wa mtu asiye na sura anadai alipwe ndipo atoe ufunguo. Chanjo za watoto, kadi za wajawazito, tarehe za nani arudi lini, vyote vilikuwa humo. Nakala nyingine hakuwa nayo.

Alikuja mbio na gauni lake jeupe, anahema. Hapa nataka usome polepole. Kabla hajamaliza kusema, nilitazama juu ya rafu. Kile kitaa cha kijani cha askari kwenye laini kilikuwa hakiwaki. Nilijua palepale. Sikuja kujua baadaye, wala sikuambiwa na fundi. Nilijua, nikamwambia Sista pole, kitu gani hiki.

Ukarudi kesho yake baada ya mama yako kukupigia simu. Ulipitia dukani kwanza, ukapanda ngazi, ukarudisha kebo zote mahali pake. Nilisikia printa ikilia. Nikajiambia umeona kebo imelegea tu, na kwamba unachapisha mambo yako. Mtu anayetaka kujidanganya hakosi nyenzo.

Saa nane tukaitwa kwenye baraza ya kliniki. Akina mama walikuwa wamejaa na watoto migongoni. Mzee Koros, kama mwenyekiti wa kamati ya kliniki, akaniuliza kwa upole wake, "Baba Kemunto, hii kitu iliingilia wapi?"

Nami nikasimama nikasema, "Iliingilia kwa hii mtambo ya bure ya huyu msichana. Nilimwambia kitu ya bure haiaminiki, akakataa kusikia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Wewe ulikuwa umesimama karibu na tangi la maji, viatu vina matope ya Fort Ternan. Ulinitazama mara moja. Kisha ukatazama viatu vyako. Mama mmoja akasema watoto wa siku hizi wanajaribia vitu vyao kwa watoto wa wenzao, na wengine wakaitikia, na mimi baba yako nikatikisa kichwa kama mtu aliyeonewa.

Unajua yaliyofuata, uliyabeba wewe. Jumanne tatu akina mama walipanga foleni kuandikwa upya, wengine bila kijitabu, wakijaribu kukumbuka mtoto alidungwa sindano gani mwezi gani. Mwalimu mkuu aliyekuwa amekuahidi kompyuta za shule akamleta fundi wa mjini na kisanduku chake kilichofungwa kwa gundi. Sista aliacha kukusalimia. Hakuna mtu wa hapa hadi Kericho aliyekuruhusu kugusa hata chaja yake. Watu wanasema unakwenda Lodwar kwa sababu chuo cha huko kimekupa kazi nzuri ya kuangalia mtandao wao. Ni kweli, na nafurahi. Lakini mimi na wewe tunajua kwamba hata wangekupa kazi ya kufagia ungekwenda.

Heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Kidole changu kingepona wiki moja.

Sasa ni zamu yako, maana nawe nimekukasirikia, na sitaki uondoke bila kulijua. Karatasi ulikuwa nayo! Siku ile ile, pale kwenye tangi, ilikuwa mfukoni mwako. Askari wako alikuwa ameandika mwenyewe, bila chuki na bila woga: Jumanne, saa tisa na dakika kumi na mbili, umeme umekatika. Saa kumi kasoro dakika saba, amewaka. Saa kumi kasoro dakika nne, kebo ya laini imechomolewa. Baada ya hapo siku kumi na tisa hakuna kilichopita kwake, si kizuri si kibaya. Ungemkabidhi Mzee Koros ile karatasi ningekuwa nimekwisha, nawe ungeinua uso. Ukaikunja mara nne. Kwa nini? Nani alikuambia heshima ya baba inalindwa kwa kuzika jina la mtoto?

Nimelizungusha swali hilo siku mbili na jibu limenirudia mwenyewe. Ni mimi niliyekuambia.

Babu yako, baba yangu, alitoka milima ya Kisii akaja kuchuma chai kwenye shamba kubwa, na mimi nilizaliwa kwenye zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari. Siku moja wakati wa kupima, msimamizi alimwaga kikapu chake, chini kukatoka mawe. Mawe hayakuwa yake. Aliyeyatia alikuwa amesimama hatua mbili kutoka hapo na kila mtu alijua, na baba yangu alijua kuliko wote. Alinyamaza. Tulipewa siku mbili tutoke kwenye ile nyumba. Nilibeba sufuria kichwani nikimuuliza mbona hakusema, akanijibu kwa neno moja ambalo nimelisikia maisha yangu yote: sisi ni wageni hapa. Mgeni hajibizani.

Niliapa sitakuwa yeye. Na sikuwa. Nilijifunza kuwa anayesema kwanza, anayesema kwa sauti, anayenyoosha kidole kabla hajanyooshewa. Kumbe nilitoka kwa baba yangu nikaenda moja kwa moja kwa yule mwenye mawe.

Na bado wewe nilikulea kwa neno lile lile la babu yako. Ukigombana na watoto wa jirani, nyamaza, sisi ni wageni. Mwalimu akikuonea, nyamaza. Miaka arobaini tumeuza, tumezika na kuozesha hapa, watu wanatuita kwa majina yetu, Mzee Koros alishika pembe moja ya jeneza la babu yako, na mimi bado nakufundisha ugeni. Kisha nikauvuna. Siku nilipohitaji mtu wa kunyamaza, nilikuwa nimekwisha kumlea nyumbani kwangu.

Kwa hiyo hasira yangu yote, hata ile iliyokuwa imekuelekea wewe, naomba niichukue niirudishe kwa mwenyewe.

Nimesimama kidogo hapa kwa sababu imeanza kunguruma. Nimepanda ngazi nikamzima askari kwa utaratibu, kama ulivyonionyesha, nikasubiri atulie ndipo nikachomoa. Sasa inanyesha kwelikweli, bati linapigwa na mawe hadi sijisikii nikifikiri. Naandika kwa mwanga wa dirishani.

Imekatika. Nimemrudisha. Kuna wateja wawili wameingia, mmoja ameuliza mtandao uko wapi. Nimemwambia askari anajikagua, dakika tano. Amesema kwingine ni haraka. Nimemwambia aende kwingine. Ameketi. Nimekaa hapa na kalamu nikitazama rafu, na nimehesabu kwa saa ya ukutani, ni dakika nne na nusu tu. Binti yangu, dakika nne na nusu.

Jana nilimwambia mama yako yote. Alinimiminia chai, akaniwekea bila sukari, akatoka kwenda kufunga kuku. Leo asubuhi nimekwenda kwa Sista Chebet. Alikuwa akipanga sindano, akaacha, akaketi. Kisha akasema, "Miezi saba nimepita huyo mtoto njiani kama mti." Nikamwambia nisamehe. Akasema kunisamehe si kazi ngumu, lakini kama nimekuja nimwambie yeye peke yake, nyuma ya pazia, nirudi nyumbani. "Ulisema mbele ya watu, Baba Kemunto. Waambie wale wale."

Nimeona aibu, nikakumbuka wale watu wako wa programu huria, wanaotangaza tundu lao wenyewe hadharani kisha wanaliziba. Niliwaita watu wasio na aibu. Ni kweli hawana, hawana ya kuficha. Yangu nimeiotesha miezi saba.

Sikupi mausia mengi. Mashine za huko utazilinda, hilo sina shaka nalo, wala silielewi vya kutosha kukushauri. Nakuomba moja tu. Mtu mkubwa akisimama mbele ya watu akasema uongo juu ya kazi yako, awe mkurugenzi, awe mzee wa kanisa, awe mume wako siku ikifika, itoe karatasi. Itoe kwa adabu, lakini itoe. Wewe si mgeni popote penye kazi ya mikono yako. Wala usifikiri unampenda mtu kwa kumwacha aendelee kukosea akiwa amestarehe. Mimi ulinipenda hivyo, na umeona nilivyooza.

Kesho ni Jumanne, siku ya akina mama. Gari lako la Kitale, la kukuunganisha na la Lodwar, linaondoka saa tano. Saa mbili na nusu baraza ya kliniki itakuwa imejaa, Mzee Koros nimemtumia ujumbe aje, hajui ni kwa nini. Nitasimama pale pale niliposimama. Barua hii naiweka juu ya begi lako ili uisome kabla ya chai, kwa sababu nataka uje. Njoo na begi lako, simama karibu na tangi la maji, na ile karatasi iwe mfukoni.

Najijua. Nikiwaona watu wale ulimi utatafuta njia ya kuzunguka. Nitaanza na mvua, nitaingiza wale vijana waliokuwa na haraka, nitasema sote tulikosea. Ukisikia nimeanza hivyo, usitazame viatu vyako. Nikatize. Itoe karatasi uisome wewe, mbele yao, kwa sauti, mpaka mstari wa kebo.

Usininyamazie tena.

Baba yako